Nilivyoikung'uta Sola Mbele ya Wakwe

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, mvua inaninyea, mbele ya baba mkwe mtarajiwa, bibi mkwe mtarajiwa na ukoo wao mzima. Nimekaa ndani ya gari langu nawaandikia hapa kundini, matope yananikaukia miguuni na mikono inanuka karafuu mpaka viwikoni.

Tuanze mwanzo. Wanaonijua wanajua kwamba mimi ni mwalimu hapa Wete, Pemba, mtu wa Unguja Mjini, na nyumba yangu ya likizo ni hiki kigari changu cha Keri. Nyuma nimeweka godoro, pazia, jiko dogo, na boksi langu la umeme wa jua. (Mnaoniita Konokono, endeleeni tu.)

Hilo boksi ni dogo, unalibeba kwa mkono mmoja kama ndoo. Ndani ni betri tu. Lina paneli yake ya sola, nyeusi, inakunjika mara nne. Unaitandaza chini juani, unachomeka waya, basi. Kioo chake kinakuonesha umeme unaingia kiasi gani na betri imefika asilimia ngapi. Miezi minne ninalo, na kila nikiliwasha bado nasema Subhanallah. Jua hili hili linalotuunguza utosi, unalitia ndani ya boksi, halafu linakuchemshia chai! Wengine wameshazoea mambo haya. Mimi sijazoea, na wala sitaki kuzoea.

Sasa. Mwezi uliopita wazee wangu walipeleka posa Gando, kwa Mzee Faki, kumposa binti yake Raya. Mzee Faki akasema, "Tumesikia. Tutawajibu." Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nikaanza kukonda. Juzi akanipigia simu mwenyewe.

"Mwalimu, sie tuko kambini, twachuma. Jumamosi huna skuli. Njoo utusaidie."

Nikafurahi mpaka nikamhadithia mwalimu mwenzangu, Mpemba wa kuzaliwa. Akanitazama kwa huruma. "Huendi kusaidia, yakhe. Wenda kutazamwa."

Akanieleza. Msimu wa karafuu familia nzima inahamia shambani, inapiga mabanda ya makuti, inachuma, inachambua na kuanika hapo hapo. Kambini hakuna pa kujificha. Mvivu anaonekana, mwenye kiburi anaonekana, na asiyejua karafuu ni kitu gani anaonekana kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo jibu la posa yangu lilikuwa juu ya mkarafuu, na mimi kupanda mkarafuu siwezi. (Kupanda ngazi ya nyumbani kwenyewe nashikilia ukuta.)

Ndipo nikasema: nitawashinda kwa boksi.

Leo saa mbili asubuhi nimefika kambini. Nikawaamkia wazee, nikamwona Raya kwa mbali anaingia bandani, kanga kaifunga kiunoni, moyo ukaruka. Mzee Faki akalizunguka gari langu mara mbili, akachungulia godoro, akachungulia pazia.

"Humu walala?"

"Ndiyo mzee. Na leo alasiri nitawachemshia chai kambi nzima. Bila kuni, bila mkaa. Kwa jua!"

"Kwa jua," akasema.

"Kwa jua, mzee!"

Hakucheka, hakununa. Nikaona bora nisiongeze neno. Nikaitandaza sola yangu pembeni mwa uwanja wa kuanikia, pale penye jua kali, mbali na majamvi ya watu nisije nikaonekana mkosa adabu. Waya nikauingiza kwenye gari. Boksi lilikuwa na asilimia kumi na moja tu, lakini jua lilikuwa linaingia kwa fujo. Nikahesabu moyoni: alasiri litakuwa limejaa. Sikumweleza mtu yeyote kile kitu cheusi ni nini. (Hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Wekeni alama.)

Nikaenda kuchuma. Walinipa matawi ya chini, na kigoe cha kuyavutia. Juu yangu walikuwa shemeji zangu watarajiwa, wamesimama kwenye matawi membamba futi sijui ngapi, wanaimba, wanataniana, vikonyo vya karafuu vinawadondokea mkononi kana kwamba mti unawapa wenyewe. Nilibaki nimeachama. Mimi nikipata pishi moja wao wameshapata tano, na shingo yangu ishakuwa ya mbao. Lakini sikuacha. Hata chakula nilikula pale pale chini ya mti, nionekane.

Saa tisa na kitu, nikasikia upepo umebadilika. Halafu kutoka uwanjani ikaja sauti ya mwanamke, kali, ya kukata masikio:

"Mvua! Anueni! Anueni!"

Wallahi, sijawahi kuona kitu kama kile. Watu walishuka mitini kama waliokuwa wamefungwa kwa kamba ikakatwa. Wazee walioniambia wanaumwa magoti walikimbia. Wanawake wakashika majamvi ncha nne, wakainua, wakamimina kwenye magunia, jamvi jengine, jengine tena, hakuna aliyegongana na mwenzake, hakuna aliyetoa amri. Karafuu iliyonyeshewa ni kazi ya siku kadhaa imepotea, na kila mmoja pale analijua hilo tangu ananyonya. Nilisisimkwa mwili. Nikasema, mtu akioa humu ameoa jeshi.

Na mimi nikakimbia. Nilikimbia kuliko wote. Mnataka kujua nilikimbilia nini?

Sola yangu.

Nilipofika, matone makubwa yalikuwa yameshaanza. Nikaona juu ya sola kumejaa vitu vidogo vidogo vya rangi ya udongo. Nikajua ni taka, majani yaliyopeperushwa na upepo. Nikaikamata ncha mbili. Nikaikung'uta.

Mara mbili. (Ya pili kwa bidii.)

Vile vitu vikaruka hewani, vikatawanyika, vikatua kwenye matope mekundu. Harufu ikanipiga puani. Karafuu! Nikasimama nimeishika sola kama mtu anayeanika shuka. Nikageuka. Kambi nzima ilikuwa imeshamaliza kuanua karafuu zake. Ilikuwa imesimama, inanitazama mimi.

Akatoka Bi Time. Bi Time ni mama yake Mzee Faki, bibi yake Raya, mdogo wa umbo, na ndiye mwenye uwanja ule wote. Akaja polepole kwenye mvua, akainama, akaokota karafuu moja kwenye matope.

"Mwanangu," akasema, "nimekukosa nini?"

"Bibi, sikujua! Nilidhani taka! Hii ni sola, bibi, ya umeme..."

"Mie niliona kitu kino kimelala hapa, kisafi, cheusi, cha moto kuliko majamvi yangu yote. Nikasema, kijana huyu ana heshima, kanletea jamvi la kisasa." Akaniwekea ile karafuu kiganjani. Nusu siku tu juani, na ilishaanza kuwa kavu! Majamvini huchukua siku tatu, nne. "Nikazianika hapa zile nzuri nlozichagua moja moja kwa mkono wangu. Karafuu za singo ya Raya."

Singo mnaijua, ule msuguo wa karafuu na manukato. Bi harusi hasuguliwi singo ovyo. Anasuguliwa siku za harusi yake.

Akili yangu ikafanya hesabu, na ikakosea. Posa yangu haijajibiwa. Singo inaandaliwa. Kwa hiyo... Na badala ya kunyamaza kama mtu aliyelelewa, nikapiga kelele, mvua inanitiririka usoni, sola mkononi:

"Raya anaolewa? Anaolewa na nani?"

Hata mvua naona ilipunguza kelele. Mzee Faki akatazama chini. Shemeji mmoja akauma mdomo.

Na kutoka ndani ya banda la makuti, walipokaa wanawake wanaochambua, ikaja sauti niliyoijua:

"Bibi, mwambie ni huyo huyo alozikung'uta!"

Loh! Kambi ilipasuka. Watu walicheka mpaka wakakaa kwenye matope. Shemeji mmoja alishikilia mkarafuu asianguke. Bi Time alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Mimi nikataka ardhi ipasuke, na papo hapo nikataka kuruka juu. Sikujua nianze na lipi. Nikapiga magoti, nikaanza kuokota.

Basi wote wakapiga magoti. Hilo nitalisimulia mpaka nife. Mvua inapita, jua linatoka tena kwa nguvu, na watu wazima kumi na zaidi wako chini wananisaidia kuokota karafuu moja moja, wanaifuta, wanaitia kwenye kikapu cha Bi Time. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenihesabia. Machozi yalinitoka, nikasingizia mvua. (Ilikuwa imeshaacha.)

Nilipokwenda kulitazama boksi lilikuwa na asilimia kumi na moja zile zile za asubuhi. Karafuu ziliifunika sola, na jua la kutwa nzima halikuniingizia hata chembe ya umeme. Lote lilikwenda kwenye singo ya mke wangu. Nikalizima, sikulisikitikia kabisa. Chai ilichemshwa kwa kuni, na ilikuwa tamu.

Mzee Faki akanisindikiza mpaka kwenye gari. Akaigusa sola kwa kidole, akakuta bado ina joto. Akatikisa kichwa.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa baada ya sala," akasema. "Na kitu hicho kiache hapa, mama hajamaliza kuanika."

Nimekiacha. Naombeni msicheke kwa sauti, shemeji zangu wawili wamo humu kundini, na mmoja ameshaanza kuandika.