Wadudu wa Dokta Alois

Jumatatu, 10 Machi 1975

Ushindi! Barua kutoka Kitivo cha Kilimo, Morogoro mjini, imekuja moja kwa moja mikononi mwangu, mimi Rehani, Katibu wa Kamati ya Kilimo ya kijiji. Dokta Alois anasema atatutumia pakiti ya wadudu kwa basi la Mlali. Ndiyo, wadudu! Wadudu rafiki wa soya, wanaokaa kwenye mizizi na kuilisha. Mwanakijiji atakayestawisha soya kwa wadudu hao atakwenda mjini kozi ya wiki sita. Kitanda cha springi! Wali! Nafasi ni moja tu. Suruali ya kozi nimeshaipiga pasi.

Jirani yangu Bi Mwaisha kasema naye atapanda soya. Mama wa makamo, juzijuzi tu kahitimu kisomo cha ngumbaru. Nikamwamkia shikamoo, nikacheka moyoni.

Ijumaa, 14 Machi

Pakiti imefika. Nimefunga mlango na dirisha wasije wakaruka, nikaimwaga kwenye ungo. Hakuna mdudu hata mmoja! Vumbi jeusi tu kama masizi. Nimelipekua kwa njiti ya kiberiti. Nimelipuliza. Nimelipigia makofi. Kimya!

Wametorokea njiani, hakuna jingine. Nimemwendea kondakta wa basi kwa ukali. Akanijibu kwamba yeye hupakia watu, mbuzi na magunia, na mdudu hajawahi kumkatia tiketi. Mjeuri mkubwa.

Ndani ya pakiti mlikuwa na karatasi ya maelezo. Sikuisoma. Mwenye cheti cha darasa la nane hafundishwi kazi na karatasi. Bi Mwaisha alipita akauliza kama lile vumbi nalitupa. Nikampa lote, na karatasi yake, akasugulie masufuria. Mimi si mchoyo.

Jumamosi, 15 Machi

Akili ni mali! Nimewaza: wadudu ni wadudu. Dokta anataka wanaoishi ardhini, wenye bidii, wanaofanya kazi kwa pamoja bila kusukumwa. Ni nani hao kama si mchwa? Mdudu mjamaa kuliko wote! Nimebomoa kichuguu, nimejaza debe, na kila shimo la mbegu nimelitilia mchwa wake. Wameniuma vidole vyote. Nimevumilia kwa ajili ya taifa.

Narudi nyumbani namkuta Bi Mwaisha kivulini, kalikoroga lile vumbi kwa maji ya sukari, anapaka mbegu zake. Sukari! Ilhali dukani inapangiwa foleni. Nikamuuliza kulikoni. Akasema karatasi ndiyo iliyosema hivyo, tena imesema zipandwe leo hii hii, jua lisizipige. Nimemhurumia kweli. Watu hawa wakishajua kusoma, basi huamini kila kilichoandikwa.

Jumapili, 16 Machi

Kuku! Kuku wa kijiji kizima! Sijui nani aliwapa habari za mchwa. Wamefukua shamba langu tangu alfajiri, wakiongozwa na jogoo wa balozi wa nyumba kumi, ambaye huwezi kumpiga jiwe ukabaki na amani. Nimerusha kiatu. Hakijaonekana mpaka sasa.

Nimepanda upya mchana. Mchwa walionusurika wamepanda nguzo ya bango langu lililoandikwa SHAMBA LA MFANO, wanaitafuna. Si neno. Wana afya.

Alhamisi, 24 Aprili

Bango limeanguka. Soya yangu ni ya manjano, miche imesinyaa. Ya Bi Mwaisha ni ya kijani mpaka inaudhi. Nasema kweli, roho inaniuma. Kozi ile naitaka kuliko kitu chochote.

Lakini nimegundua siri yake: wadudu wangu wamehamia kwake! Nimemdai mbele za watu. Akaniambia, haya Rehani mwanangu, ingia shambani, utakaowaona wote uchukue. Watu wakacheka. Nikaingia, nikatambaa tuta zima kwa magoti. Sikuona kitu. Kawaficha vizuri sana.

Jumamosi, 3 Mei

Siku kuu ya maisha yangu! Dokta Alois kaja na Landrova. Kang'oa mche wa Bi Mwaisha, mizizi imejaa vinundu kama mtama. Kakipasua kimoja kwa kisu cha mfukoni, ndani chekundu kama nyama. Nikawahi kusema kwamba hayo ni mayai ya mchwa wangu. Dokta akakifuta kisu chake.

Akaeleza kwamba wadudu wake ni bakteria, wadogo hata jicho haliwaoni, na katika lile vumbi jeusi walikuwamo mamilioni. Huingia kwenye mzizi, mmea ukawapa sukari yake, nao wakanasa naitrojeni ya hewani na kuugeuzia chakula. Nikawa naitikia kwa kichwa taratibu, mtu asijue kwamba nasikia leo.

Ndipo akaliona shamba langu. Akauliza la nani hili lisilotiwa bakteria. Watu wote wakanigeukia. Na Dokta akafurahi! Akasema bila shamba kama hili hakuna awezaye kuthibitisha kwamba bakteria ndio waliofanya kazi. Hili ndilo linganishi, akasema, tena ni bovu barabara. Nikapiga hatua mbili mbele, nikasema nilifanya makusudi.

Kozi kapewa Bi Mwaisha.

Jumatatu, 5 Mei

Nimembebea sanduku hadi kituoni. Kafunga khanga mpya, kashika daftari la ngumbaru. Basi lilipoondoka watu walipiga makofi na vigelegele. Nikawapungia mkono, maana walikuwa wananipongeza na mimi. Kozini huenda mtu yeyote ajuaye kusoma. Linganishi la kijiji ni mmoja tu! Nimekwisha kuandika cheo hicho mlangoni kwa chokaa.

Isitoshe, Dokta ameniachia pakiti nyingine ya bakteria niitunze mpaka Bi Mwaisha arudi. Mamilioni ya roho chini ya ulinzi wangu! Alisisitiza wakae mahali pa baridi. Daktari wa mjini, huyo. Hajui ubaridi unaoshuka Uluguru mwezi huu wa Mei. Viumbe wadogo kiasi hicho, hata blanketi hawana! Nimewachemshia maji yakatokota, nikawamimina pakiti nzima ndani ya sufuria, nikafunika vizuri na kuwaweka karibu na mafiga. Kila baada ya muda natega sikio.

Hawajalalamika hata mmoja.