Begi la Kipa

Jumapili, 3 Agosti 2025
Nimeacha timu ya vijana. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu ili niizoee. Wachezaji wa mpira wa magongo wenye vipaji siku hizi hawasubiri kukulia timu za vijana. Wanaruka moja kwa moja kwenye ligi za kulipwa Ulaya. Nimesoma hivyo kwenye simu. Mimi ni kipa, nna miaka kumi na minane, shule nimemaliza, na klabu moja ya Ubelgiji imenijibu: "Karibu, Ruqaya, tumefurahi kuwa nawe." Niliusoma mstari huo ndani ya gari ya Baba, tukiwa kwenye foleni ya magari Al Khuwair, hapa Muscat, nikaifunga simu. 

Kumwambia Kocha Shaikha usoni sikuweza. Niliiweka jezi namba moja juu ya kiti chake, pamoja na barua, nikakimbia. Kwa haya, si kwa kiburi. Manal, kipa wa akiba, aliiona kabla ya kocha. Akaivaa hapo hapo.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemwambia Shangazi Nasriya peke yake. Nikamwomba iwe siri. Kufika magharibi Bibi alikuwa kashapigiwa simu tano za pongezi, moja kutoka Unguja. Bibi alitokwa na machozi. Akasema marehemu Babu angalikuwepo angalichinja. Baba akauliza naondoka lini. Nikasema klabu itasema. Huo si uongo hasa.

Jumatano, 6 Agosti
Mizigo imeanza. Nilisahau kwamba kwetu mtu hasafiri peke yake, husafiri na vitu vya watu. Halwa kilo nne, za binti wa jirani aliyeko Brussels. Ubani na chetezo. Mbuzi ya kukunia nazi. Papa mkavu wa mtu aliyeko Copenhagen. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba Copenhagen haiko Ubelgiji. Shangazi akanijibu, "Ulaya yote si treni, mwanangu? Utashuka, utampa, utapanda."

Nikasema sina nafasi. Akalifungua begi langu la kipa, akazitoa pedi za miguu, akatazama ndani. Alisema humu mtu angeweza kuhamia na watoto wake. Sasa pedi ziko chini ya kitanda na papa yumo begini. Chumba kizima kinanuka.

Alhamisi, 7 Agosti
Leo nimeisoma barua ya klabu mpaka mwisho, nikitafuta tarehe ya kuripoti. Bora nisingeisoma. Fomu niliyojaza ilikuwa ya mashabiki. Wananikaribisha kwenye chama cha mashabiki. Nna punguzo la asilimia kumi kwenye skafu.

Mpango: kuumia goti. Nilianza kuchechemea baada ya adhuhuri. Bibi akanikanda kwa mafuta ya karafuu, huku ananisomea dua, mpaka ngozi ikawaka. Nilitamani ardhi inimeze. Alasiri nikachechemea kwa mguu mwingine. Bibi aliona. Akaukanda na huo. Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwambia Bibi kila kitu. Nilimwambia huku nahesabu maua ya zulia. Nilipomaliza akauliza kama hiyo skafu ni ya sufu. Kisha akanisukumia simu: niwapigie watu waje wachukue vyao. "Wewe, si mimi."

Nyumba tisa. Simu tisa. Kila mmoja aliniambia si neno, kwa sauti ile inayoonyesha kuwa ni neno. Mwenye papa alikataa kumpokea. Alisema kashamuaga.

Jioni nikaenda uwanjani. Kocha Shaikha alisema namba moja ni ya Manal mpaka msimu uishe. Nikitaka kurudi, nianze kwa kuokota mipira. Manal alilinusa begi langu, akauliza mbele ya wote kama Ubelgiji siku hizi iko soko la samaki Mutrah. Walicheka. Nikamwomba samahani. Sijui kwa nini nilimwomba yeye.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeokota mipira mpaka mgongo ukakakamaa. Mwishoni kocha akanipa dakika kumi golini. Nimezuia mitatu, mmojawapo kwa kofia ya kipa. Manal mwenyewe alipiga makofi mawili. Nimerudi nyumbani Darsait natabasamu peke yangu. Bibi kaniwekea chakula. Nimeapa: hakuna mipango tena.

Baada ya chakula nimeiandikia klabu moja ya Uholanzi. Fomu nimeisoma mara mbili, neno shabiki halimo. Wamenijibu papo hapo, dakika ile ile, kwamba barua yangu imefika na watanijulisha. Klabu isiyokuhitaji haijibu upesi hivyo. Kesho sitaenda kuokota mipira.

Sijamwambia mtu. Isipokuwa Shangazi Nasriya, na yeye nimemwapisha. Aliapa wallahi. Kisha akaniuliza kama yule papa bado yumo begini.