Kamati ya Ute wa Viazi

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kwa barua tatu zenye mhuri, na kwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji: Kamati ya Kuchunguza Protini za Ute wa Viazi imeundwa rasmi, wananchi watulie. Mwenyekiti wake, Bwana Ndimyake, bwana shamba wa Mbeya aliyehamishiwa Sumbawanga, alilisoma jina lake kwenye lile tangazo mara nne, kana kwamba ni la mtu mwingine anayemheshimu sana.

Kilichoizaa kamati ni mashina matatu ya viazi mviringo. Yalikuwa shambani kwa Gaudiosa, njia ya Matai, na yalinyauka yangali ya kijani. Shamba hilo ndilo chakula cha nyumba yake na ndiyo mbegu ya mwakani, kwa hiyo mama wa watu alitaka kuyang'oa siku ileile.

"Usiguse!" Ndimyake alimzuia. "Hivyo si viazi tena, mama. Ni vielelezo."

Alikata kipande cha shina, akakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe zikaanza kushuka taratibu, mithili ya uji mwepesi.

"Unaona? Hawa bakteria wakiingia mzizini hawana haraka. Wanasubiriana. Wakishakuwa wengi wanatoa protini za kunata, wanashikamana kwenye mirija ya kupandishia maji, wanajijengea utando wa ute. Humo wanakula, wanalindana, na maji hayapiti. Mmea unakufa kwa kiu na mvua inanyesha."

"Yaani wanasubiri akidi," alisema Gaudiosa.

"Hasa!"

"Kama ninyi."

Wajumbe wawili waliohudhuria waliandika neno hilo kwenye madaftari yao. Ndimyake alilipokea kama sifa.

"Sasa bwana shamba, ning'oe?"

"Mpaka tuzijue hizo protini moja moja. Na leo tuko watatu kati ya saba, hatuwezi kuamua kitu."

Walirudi mara tano. Kila mara waliteremka kwenye gari, wakapita katikati ya matuta na buti zao za mvua zilizojaa tope, wakasimama kwenye vielelezo, kisha wakakatiza hadi shamba la jirani, Leonardi, kulinganisha. Ndimyake alizipenda sana buti zake. Alitembea nazo hata mahali ambapo hapakuwa na cha kuona.

Mara ya sita wajumbe wote saba walifika. Gaudiosa aliwaamkia vizuri, akawapandisha kwenye mwinuko wa juu ya shamba, akawaambia watazame chini.

Viazi vilikuwa vimenyauka kwa mstari mmoja, kuanzia barabarani hadi kwenye vielelezo, kisha moja kwa moja hadi kwa Leonardi. Palipo na kichuguu, mahali pekee penye mtandao wa simu, vilikufa kwa duara.

"Hapo ndipo ulipokuwa unazunguka ukiongea na simu," alisema Gaudiosa. "Na kule kwenye samadi mbichi, mlikokuwa mnakukwepa mmeziba pua, hakuna hata shina moja lililougua."

Ndimyake alizitazama buti zake. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie Ufipa, aliona aibu, na aibu yenyewe ilimwanzia miguuni.

Gaudiosa alikunjua karatasi. Ilikuwa lile tangazo, na alisoma kifungu cha nne polepole: "Chochote kitakachobeba ute kutoka shamba moja hadi jingine kichomwe papo hapo, bila kujali cheo cha mwenye nacho." Chini yake palikuwa na saini ya mwenyekiti. Moto alikuwa ameshauwasha.

"Mheshimiwa, tuna akidi," alinong'ona mjumbe mmoja.

Ndimyake alikuwa wa kwanza kuvua buti na kuzitupa motoni.

Waheshimiwa saba waliteremka barabarani peku, kwenye tope na baridi, huku watu wa mashamba ya jirani wakiwapa pole na kazi. Nyuma yao Gaudiosa alikuwa ameinama, anang'oa mashina na kuyarusha motoni. Hakumwomba mtu ruhusa.

Garini Ndimyake alipangusa vidole vya miguu, akafungua daftari la kamati na kuandika muhtasari mfupi kuliko yote aliyowahi kuandika: "Chanzo cha maambukizi kimepatikana. Kinavaa namba arobaini na tatu."