Gari Lenye Mlango Puani

Walisema sitaweza. Walisema kigari kile hakitawaka, kikiwaka hakitapanda mlima kutoka Mombo, na kikipanda hakuna mwenye akili timamu atakayekubali kukaa ndani. Wote nimewaumbua. Kisha leo asubuhi nimejiumbua mwenyewe mbele ya usharika mzima, na nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa wengine.

Kwa msionijua (mko wachache): mimi ni fundi mwenye diploma ya ufundi magari. Niliondoka Lushoto na begi moja, nikapiga kazi Dar miaka kumi na mmoja, nikarudi kufungua gereji yangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Kigari nilikikuta Amani, kwenye banda la mzee mmoja, kuku wakitagia kwenye kiti. Kilitengenezwa Ulaya enzi za ujana wa babu zetu. Kina magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Umbo lake ni la yai. Kiti ni kimoja, cha watu wawili waliobanana. Na mlango ni mmoja tu, uko puani. Pua yote inafunguka kama kabati, usukani unaondoka nayo, nawe unaingia umesimama kama mtu anayeingia sebuleni kwake.

Nikakiboresha. Paa lilikuwa la turubai la kukunja, jambo la kushangaza kwenye gari. Nikaling'oa, nikachomelea bati, maana mvua za huku mnazijua. Rivasi ilikuwa imekufa, nayo sikuhangaika nayo. Rafiki yangu Hoza aliniuliza, "Mgosi wangu, utarudije nyuma?" Nikamwambia mtu wa maendeleo harudi nyuma. (Jibu hilo nimewapa watu wengi. Leo wote wamenirudishia.)

Sasa, leo ilikuwa Jumapili ya mavuno. Baada ya ibada, mazao ya sadaka yanapigwa mnada nje ya kanisa. Baada ya mnada, baba yake Nakijwa, binti ninayetaka kumwoa, alikuwa ameahidi kujibu barua yangu ya posa. Mzee huyo ni mzee wa kanisa, ndiye anayeendesha mnada, na kigari changu hakipendi. Alishamwuliza binti yake, "Mtu aliyenunua yai la bati, watoto wake watalala wapi?" Kwa hiyo nilipanga kufika na suti, viatu vinang'aa, kigari kimepigwa polishi, mzee ajionee.

Njiani, kwenye rasharasha, nikamkuta mama yake Nakijwa. Goti bovu, fimbo mkononi, kikapu cha peasi begani, jogoo kwapani. Bodaboda aliyemwagiza hakutokea.

Mnajua mila. Mama mkwe hukai naye bega kwa bega. Hata njiani unampisha kwa mbali. Kumwacha kwenye mvua ni utovu wa adabu, kumpakia kwenye kiti changu ni utovu wa adabu. Nikachagua ule wenye paa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mlango uko wapi?"

Nikafungua pua. Akaitazama juu hadi chini. "Haya," akasema, akaingia na jogoo wake.

Niliendesha nimegeuzia shingo dirishani kwa heshima, barabara nikiiona kwa jicho moja. Tukafika ibada imeshaanza, nje hakuna mtu. Uwanja wetu unateremkia ukuta wa kanisa. Nikakanyaga breki, lakini majani yalikuwa mabichi. Kikateleza taratibu, kikagusa ukuta. Hata rangi haikukwaruzika. Nikajipongeza kimoyomoyo, nikazima injini, nikasukuma mlango.

Mlango ukasukuma kanisa.

Nikashika gia, nikakumbuka habari ya rivasi. Nikatazama juu. Bati, kazi ya mikono yangu, halina hata tundu la sindano. Hapo ndipo nilipoelewa lile turubai. Wale waliokichora walijua kwamba ipo siku atatokea mtu wa kuegesha namna hii. Walinifikiria mimi kabla sijazaliwa, nami nikawasahihisha.

"Tunashuka lini, mwanangu?"

"Kuna tatizo dogo la kiufundi, mama."

Madirisha ya pembeni yanapitisha kichwa, basi. Nilijaribu bega, suti ikachanika kwapani. Nikampigia Hoza, simu imezimwa. Nikapeleka kidole kwenye honi, mama akanizuia. "Humo wanasali."

Tukakaa. Ibada nzima. Vioo vikajaa ukungu. Jogoo aliwika katikati ya sala, mchungaji akarudia sentensi, kisha akaendelea.

"Kwa nini umepinda shingo tangu kule njiani?"

"Heshima, mama."

"Itakukaukia hivyohivyo. Kula peasi." Kisha akauliza, "Hiki kitu ulikipendea nini hasa?"

Kwa kawaida swali hilo nalijibu kwa nguvu za injini. Lakini shingo ilikuwa inauma, nikasema ukweli. Nikamwambia magari ya siku hizi yanafanana kama maandazi ya karai moja. Aliyechora hiki kigari alikaa akasema, mlango nitauweka puani, na hakumwogopa mtu. Kila anayekiona anacheka kwanza, maswali baadaye. Mimi napenda hivyo.

Mama akacheka. Akanisogelea (jamani, mila). "Baba Nakijwa alipokuja kwetu mara ya kwanza, alikuja na toroli la mbao alilojitengenezea kule Shume. Halikuwa na breki. Aliteremka nalo mpaka katikati ya kabichi za baba yangu, akazilaza zote. Usiseme nimekwambia."

Ibada ikaisha. Nikafuta ukungu kwa kiganja, nikakutana na macho ya usharika wote. Nakijwa, katikati ya kwaya, alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Baba yake akaja na spika ya mnada mkononi.

"Mama Nakijwa, ni wewe humo?"

"Ni mimi."

"Unafanya nini?"

"Nakula peasi."

"Na nani?"

"Na fundi wako wa diploma. Mlango umezibwa na kanisa."

Mzee ni mtu wa mnada, akiona watu wamekusanyika hawezi kujizuia. Akapitisha mkono dirishani, akamtoa jogoo, akamuuza palepale. Kisha akanielekezea kidole. "Na huyu wa kwenye kopo, tunaanzia ngapi?"

"Mia tano," akasema Hoza. (Rafiki yangu.)

Bibi mmoja akauliza, "Pamoja na diploma?"

Mchungaji aligeukia upande wa pili, mabega yakimtikisika.

Mama akasogeza kioo. Hakupaza sauti, ila spika ilikuwa karibu. "Baba Nakijwa, kabla hujamuuza, tuwaeleze watu habari ya zile kabichi?"

Mzee akashusha spika. Akakohoa. Akaipandisha tena. "Bidhaa hii imeondolewa mnadani," akatangaza. "Ni ya familia."

Hilo ndilo jibu la barua yangu. Nililipokea nikiwa nimefungiwa kwenye yai, na kipande cha peasi mdomoni.

Wanaume sita waliniazima mabega, Hoza na mzee mwenyewe wakiwemo. Walikishika ubavuni wakakirudisha hatua tatu, na kila hatua wakiitikiana, "Mtu wa maendeleo harudi nyuma." Bega la mtu haliazimwi bure. Kila mmoja alitaka azungushwe hadi sokoni na kurudi, na hadi jioni hii nimewalipa wote. Wa mwisho alikuwa mzee. Alikaa magoti yakigusa kidevu, akacheka mara moja kwenye kona ya sokoni, akajifanya anakohoa. Tulipofika kwake akaninyooshea kidole pa kusimama. Palikuwa katikati ya uwanja, mbali na ukuta wowote.

Sidaiwi bega na mtu. Kesho asubuhi nakata bati, narudisha turubai. Mwenye la kusema kuhusu diploma yangu akamwambie mama mkwe.