Nilivyozima moto usiokuwepo jukwaani

Ndugu zangu wa kikundi hiki, leo nimeaibika. Mimi, na mvi zangu zote.

Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine. Naandika kwa kidole kimoja, mniwie radhi, shule niliishia darasa la nne.

Binti yangu Manka mnamjua. Siku ya Pasaka alikuja nyumbani akasema ameacha kwaya ya usharika, sasa anapiga dramu kwenye bendi ya mjini. Nyumba imejaa wageni. Nikasema, tena kwa sauti: "Sikukusomesha uje uwe mpiga debe!" Wageni wakacheka. (Nilijiona fundi wa maneno.) Manka hakucheka. Alibeba mkoba wake akashuka mjini, na tangu siku ile salamu zake zinaishia kwa mama yake. Kahawa imeanza kuiva, hajaja hata kuitazama.

Basi leo mchana kulikuwa na tamasha la muziki uwanjani, mjini. Mke wangu akanikabidhi koti. "Baba Manka, bendi ya mwanao inapiga saa tisa. Nenda ukalifute lile neno lako."

Nikaenda. Na nimeona mambo! Getini walinifunga utepe mkononi kama mgonjwa wa wodini. Vijana wamevaa suruali zilizochanika magotini, na baridi hii inayoshuka toka mlimani! Mmoja nilimwonea huruma, nikamuuliza kama kwao hakuna sindano. Akajibu, "Shikamoo babu. Hii nimeinunua hivihivi." Marahaba. Mtori nao wanauuza kwenye vikombe vya plastiki, mtu anaunywa kwa mrija. Mrija! (Nilijaribu. Ndizi ikaziba mrija, nikavuta mpaka machozi.) Spika zao ni kubwa kuliko zizi langu, na zikilia moyo unahama upande.

Nimetoka njiani. Turudi.

Nilijisogeza mpaka mbele, pembeni ya jukwaa, karibu na mama mmoja muuza soda. Bendi ikapanda. Manka akakaa nyuma ya dramu zake, hakuniona, akaanza kupiga. Niseme ukweli, nilikuja na hotuba kichwani, ikapotea palepale. Mtoto anapiga! Mikono miwili, miguu miwili, kila kimoja na kazi yake, na uso umetulia kama mtu anayechambua maharage. Nikajiuliza, hivi mimi siku ile nilikuwa nadharau nini hasa? Maana nilikuwa sijawahi hata kumsikiliza.

Niko kwenye mawazo hayo, nikaona moshi. Unatoka chini, miguuni kwa Manka. Mweupe, mzito. Mara umemfunika mpaka kifuani. Na watu, badala ya kumsaidia, wanapiga kelele: "Moshi! Moshi! Moshi!"

Yaani wanauona! Na hakuna anayesogea!

(Najua. Mji wetu unaitwa hivyo tangu sijazaliwa. Mshereheshaji alikuwa anawachangamsha watu waushangilie mji wao. Na ule moshi ni wa mashine, wanautoa makusudi, eti unapendeza. Hayo yote nimeelezwa baadaye.) Lakini jiko letu liliwahi kuungua Manka akiwa bado anatambaa, na mimi ndiye niliyeingia kumtoa. Nikiona moshi na mtoto wangu yumo ndani, sina muda wa kuuliza maswali.

Nikabeba ndoo ya yule muuza soda.

"Mzee! Soda zangu!"

Nimeshapanda. "Manka, toka! Toka mwanangu!" Nikamwaga. Ndoo nzima, maji ya barafu, pamoja na chupa mbili zilizokuwa zimebaki ndani. Moja ikagonga sahani ya dramu, tiiing! Watu wakapiga makofi, wakidhani ndio wimbo wenyewe.

Halafu mashine ikakohoa, ikafa. Moshi ukaondoka, na Manka huyu hapa, mzima, amelowa chapachapa, nywele za dukani zimeinama upande mmoja. Na mimi huyu hapa, na ndoo.

"Baba?"

"Ulikuwa unaungua."

"Baba, hakuna moto."

"Sasa naona."

Mshereheshaji akaniwekea maiki mdomoni. "Mzee wetu, sema neno!" Uwanja mzima unanitazama. Hotuba haikurudi. Nikasema tu: "Huyu ni binti yangu. Nilimwita mpiga debe mbele za watu. Naomba nilifute mbele za watu. Ni mpiga dramu. Na haya maji, samahani."

Manka akainuka, maji yanamdondoka kidevuni. Kisha akasema polepole, bila maiki, "Baba, njoo huku. Umesimama juu ya waya."

Akanikalisha nyuma yake kwenye sanduku la vyombo vyao. Akafuta uso kwa mkono wa koti langu, akashika vijiti, akaendelea kupiga.

Jioni tumepanda nyumbani wote wawili. Njia nzima anacheka tu peke yake.

Sasa, niliona simu nyingi zimeinuliwa pale uwanjani. Aliyerekodi ile video nampigia magoti, aifute. Ila kabla hajaifuta anitumie, maana mama Manka anasema bila kuona haamini kama kweli niliomba msamaha.