Malalamiko Kuhusu Vifuko Vinavyoonyesha Kila Kitu

Kwa Bi. Marlys Hegland,
Mwenyekiti, Kikundi cha Akina Mama Washonaji,
Kanisa la Kilutheri, Elk Prairie, Iowa.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kahawa yako ikiwa bado ya moto. Mimi ni Orville Tjaden, mkulima mstaafu wa mahindi, mume wa Verna. Naomba, kwa heshima zote, mkoba wa mke wangu uondolewe kwenye mashindano ya maonyesho ya wilaya Jumamosi hii. Sababu zangu ni hizi.

1. Tangu mmfundishe kushona vifuko vya plastiki angavu vyenye zipu, vya kupanga nyuzi na mikasi ndani ya mkoba wake wa ushonaji, meza ya chakula si yetu tena. Tunakula tumepakata sahani. Plastiki ile hunata chini ya mguu wa cherehani, na Verna, ambaye kanisani huimba sauti ya kwanza, hutamka maneno ambayo sikuyasikia hata jeshini. Pini hazitaki, eti zinaacha matundu. Basi kachukua vibanio vyangu vyote vya gereji. Nilipouliza, akasema, "Kwani wewe unabana nini huko, mume wangu? Si umestaafu?"

2. Zamani nikimwuliza kanunua nini mjini, alijibu, "Ah, uzi tu," nami nikalala usingizi mzuri. Sasa naona kila kitu. Mwanamume hakuumbwa kuona mikasi mingi kiasi kile.

3. Vifuko vimevuka mpaka. Vidonge vyangu vimo kifukoni, soksi kadhalika. Meno yangu ya bandia ya akiba yananing'inia mlangoni, nyuma ya zipu nyekundu. Mchungaji Lindquist alipotutembelea aliyatazama, akanitazama mimi, akasema, "Orville, leo unatabasamu mara mbili." Verna alicheka mpaka akashika ukuta. Ni kweli kwamba tangu dada yake afariki wakati wa baridi sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, wala cherehani hakuwa ameigusa. Lakini hilo halihusiani na malalamiko yangu.

4. Daktari amenikataza peremende. Zangu zilikuwa zinaishi kwa amani ndani ya kopo la misumari. Juzi nimezikuta kwenye kifuko, zimetundikwa dirishani. "Nimekurahisishia kutafuta," akasema. Sasa jirani anazihesabu kwa niaba ya daktari.

Mkoba huo ukipata utepe wa buluu wa mshindi, Mheshimiwa, wilaya nzima itashona, na hakuna mume atakayebaki na pa kujificha. Nashauri kikundi kirudi kwenye kitambaa kizito, cheusi ikiwezekana.

Nisalimie akina mama wote, na yule anayeoka keki ya tufaha mpe salamu mbili.

Wako niliyeanikwa hadharani,
Orville Tjaden

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Verna akaniita. Viungo vya vidole vimemvimba, zipu ya mwisho imemshinda kushika, na maonyesho ni keshokutwa. "Kaa hapa, Orvi. Weka karatasi juu yake isinate. Polepole! Hiyo si trekta!" Nimeishona. Tafadhali waambie waamuzi kwamba mshono uliopinda ni wangu, wasije wakampunguzia alama. Mkoba nitauleta mwenyewe, mapema kabla watu hawajajaa. Naomba uwekwe mbele, penye mwanga.