Ini la Mtu Asiyekunywa

Jumatatu, 3 Machi 2025. Nalufenya, Jinja.

Nimetukanwa na daktari. Nilikwenda kwa sababu ya uchovu na maumivu kidogo chini ya mbavu za kulia. Nilitaka sindano moja nirudi dukani. Wakanilaza, wakanipaka kitu baridi tumboni, wakapitisha kifaa chao. Kisha Daktari Namukose akaniambia ini langu limejaa mafuta. Ini! Mimi, Khaemba! Nikamweleza kwamba sijawahi kuonja pombe, kwamba kanisani ndimi ninayehubiri dhidi ya waragi, kwamba mwezi huu huu nagombea uzee wa kanisa. Akasema ugonjwa huu hauhitaji pombe. Soda, chapati, sukari na kukaa kutwa vinautosha. Mimi nauza matairi. Naketi juu ya matairi tangu asubuhi.

Nikaomba vidonge. Akasema dawa ni kupunguza uzito, kutembea, kuacha vitamu, na nirudi kupimwa Juni. Sukari ya damu nayo imeanza kupanda. Akanionya pia nisinywe mizizi ya mitishamba ya kusafisha ini. Mwanamke huyu hataki nipone.

Nani ataamini? Mtu akisikia ini, anasikia chupa.

Jumatano, 5 Machi.

Mke wangu Nabalayo amenikamua siri yote kabla ya chai. Sukari imefichwa. Chakula cha mchana: mchicha wa dodo na maharage, bila tone la mafuta. Nililia kidogo.

Halafu nikapata akili. Leo ni Jumatano ya Majivu! Nimetangaza kanisani kwamba Kwaresma hii nimejinyima soda, sukari na vya kukaanga kwa ajili ya Bwana. Mchungaji akanisifu mbele ya watu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mpinzani wangu, Afande Tonny wa magereza, mtu wa Lira, mrefu kama mlingoti, alinitazama muda mrefu. Akaniuliza: "Bwana Khaemba, wewe nakonda kwa Yesu ama kwa daktari?"

Nikamjibu kwa Yesu. Afande huyu ni hatari.

Ijumaa, 7 Machi.

Nimetembea! Nilikwenda hadi mzunguko wa barabara kuu nikihema kama ng'ombe wa kulima. Huko nikamkuta Omollo, dereva wa lori kutoka Kisumu, mteja wangu. Alikuwa anaagiza roleksi nyuma ya lori lake. Akauliza kama Kwaresma yangu inaruhusu. Nikamwambia roleksi ni mayai, chapati ni karatasi yake tu. Nikala karatasi yote. Nikarudi kwa bodaboda, nikashuka kabla ya kona, nikamalizia kwa miguu ili Nabalayo aone jasho.

Hakuna jasho. Nikajimwagia maji ya chupa.

Jumapili, 9 Machi. Mbale.

Dorothy, mke wa kaka yangu Wangila, alipiga simu tukiwa ibadani. Njoo leo, akasema, usingoje kesho. Nimefika Malukhu jioni.

Sikumtambua kaka. Mikono imebaki vijiti, tumbo limevimba maji, macho ni ya njano kama ndizi mbivu. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule. Jirani mmoja alipita mlangoni, akanong'ona kwamba waragi ni mbaya. Dorothy akafunga mlango.

Wangila hakuwahi kunywa. Dorothy anajua, na mimi najua. Tumelelewa na mama mmoja mwenye fimbo moja.

Akaniambia miaka mingi nyuma daktari alimwonya kwamba ini lina mafuta. "Nikacheka," akasema. "Nilikuwa sina maumivu. Mtu atatibu vipi kitu kisichouma?" Mafuta yakawa makovu, makovu yakawa haya. Kisha akanitazama na kuniuliza: "Na wewe, mdogo wangu? Umepimwa?"

Nikasema nimepimwa, ni vidonda vya tumbo tu.

Akapumua. Akafurahi kabisa. Akaomba neno moja: siku ya kumzika niwaambie watu kwamba hakunywa, kwa sababu mimi ndiye wanayemsikiliza. Nikaahidi. Nilimshika mkono mpaka akalala.

Alhamisi, 13 Machi.

Kaka amefariki alfajiri. Sina cha kuandika.

Jumamosi, 15 Machi. Wanale.

Tumemzika kwenye shamba lake chini ya mlima. Mvua ilinyesha kaburi likiwa wazi, na vijana wakayachota maji kwa ndoo. Kanisa zima la Jinja lilikuja kwa basi. Ni heshima kubwa. Lakini Afande Tonny alikaa mstari wa mbele, na sare yake, na masikio yake.

Nilisimama. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nikafikiria: nikisema ini huugua bila pombe, Tonny atauliza nimejuaje. Nikieleza nimejuaje, Kwaresma yangu imekwisha, na kesho ndio uchaguzi. Watu watasema ndugu wote wawili ni walevi wa siri. Wangila amekwenda, hasikii tena. Mimi bado niko.

Nikasema kaka yangu alikuwa binadamu, alikuwa na udhaifu wake, lakini rehema za Bwana ni nyingi.

Watu wakaitikia Amina ndefu. Dorothy hakuitikia.

Baadaye alinifuata kwenye turubai. Hakupaza sauti. "Shemeji, udhaifu gani?" Nikamwambia ni namna ya kusema tu. Akasema: "Alikupa neno moja la kubeba. Moja tu." Akaondoka kwenda kukaa peke yake kando ya udongo mbichi.

Wakaleta malewa, yale machipukizi ya mianzi kwa karanga, wali na soda. Kukataa chakula cha msiba si adabu. Sikukataa.

Jumapili, 16 Machi. Jinja.

Mzee wa Kanisa! Kwa kura nyingi! Aber, mke wa Tonny mwenyewe, alinipigia kura. Alisema mtu anayefunga hivi akiwa na msiba ni wa kipekee. Tonny akanipa mkono. Nabalayo hakunipa. Hajazungumza nami tangu Wanale.

Jumanne, 10 Juni.

Suruali ya uzee wa kanisa haifungiki. Fundi ameweka lastiki. Nabalayo bado anaota ule mwili wa Wangila. Anaamka akilia, ananishika tumbo. Leo ametoa amri: nikapimwe wiki hii, na matokeo yakiwa mabaya atasimama mbele ya akina mama wa kanisa aseme kila kitu, pamoja na habari za Wangila. Na anaweza.

Nimewaza kutwa. Nimepata! Jirani wa duka langu, Geresom, fundi viatu, ni mwembamba kama uzi wake. Atakwenda kliniki nyingine, wasikonijua, ajiite Khaemba. Ini lake ni lazima liwe safi. Mtu hana mahali pa kuweka mafuta! Amekubali bila maswali. Anasema hajawahi kupimwa kitu chochote maishani.

Alhamisi, 12 Juni.

Balaa! Kliniki imempigia Nabalayo, maana nilimwandikisha Geresom kwa namba ya nyumbani. Wamesema ini la Khaemba limeharibika vibaya sana, limejaa makovu, aache pombe leo hii na aende hospitali kubwa haraka. Nabalayo ameanguka sakafuni jikoni. Nikalazimika kumwambia ukweli: si langu, ni la Geresom!  Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama Geresom ameambiwa.

Ameambiwa. Nimemkuta ameketi dukani kwake na kiatu cha mtu mapajani, hakishoni. Akaniuliza: "Mzee, hii nakufa?" Nikamwambia aombe. Kumbe mtu anakunywa tangu ujana na mimi nakaa naye ukuta kwa ukuta, sijui! Angenieleza mapema, nisingemtuma.

Nabalayo ametoka. Ameacha chakula bila kukifunika, amekwenda kwa mke wa Geresom, na simu yake haipatikani. Lazima nifanye haraka kabla hajafika kwa akina mama.

Nimeshampata mwingine wa kupimwa kwa jina langu. Mwembamba pia, ila huyu ni mlokole.